Vifaranga kwa Jina la Mama

Shambani kwa Mama,
Nebraska,
Alhamisi, 17 Aprili 1958

Mdogo wangu mpenzi Lidie,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, Walter ameshapona kikohozi chake, na watoto wanakwenda shule bila kuburutwa. Sisi huku miili ni mizima. Mengine utayasoma mwenyewe.

Barua yako ya kabla ya Pasaka tuliipata, pamoja na kipande cha kitambaa cha mapazia ya chumba cha Mama. Amekipenda, amesema ni kizuri mno kwa kufunikia dirisha. Ahsante pia kwa picha za watoto. Lakini kabla sijafika mbali: jana kaka yetu Emil amekutumia bahasha, na ndani yake mna karatasi anayotaka uitie saini. Nakuomba, Lidie, kama imeshafika, iweke kando na usishike kalamu mpaka umalize barua hii yote. Ningekupigia simu, ila unaijua laini yetu: nyumba saba, waya mmoja, na Bi. Hruska hajakosa mazungumzo ya mtu tangu vita viishe.

Mambo yalianza Jumanne ya Pasaka, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu ililia mara tatu, yaani ni yetu. Nikadhani mtu amekufa. Kumbe ni Bwana Tesar wa posta. “Albina,” akasema, “njoo uchukue vifaranga vyenu. Treni imenishushia maboksi manane, na lenu linapiga kelele kuliko mengine yote. Redio yangu siisikii.” Nikamwambia sisi mwaka huu hatuna vifaranga. Akasema, “Jina la mama yako limeandikwa juu ya boksi, dada, na si mimi niliyeliandika.” Hapo hapo nikasikia mtu akivuta pumzi kwenye waya. Nakuambia, sijapata hata viatu vyangu na nchi nzima kuanzia mtoni mpaka kanisani ilishajua kwamba mjane wa Vondra ameagiza kuku wakati anahama.

Nilitarajia Mama abaki kitandani, lakini alikuwa ameshavaa koti. Njiani alisema maneno machache tu, kwamba hao watu wa Missouri wanaotutotolea vifaranga wamekosea na tutavirudisha. Vifaranga havirudishwi, na hilo analijua kuliko mimi. Kifaranga kikitoka kwenye yai kina siku tatu za kuishi bila kula wala kunywa, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimeishia kwenye treni. Wewe mwenyewe ulikuwepo Krismasi aliposema mbele yetu sote, mguu wake ukiwa bado umefungwa bendeji baada ya kuanguka kwenye barafu, kwamba mwezi wa tano anahamia kwako Denver na kwamba mwaka huu hakuna kuku. Emil naye hakupoteza muda. Aling'oa sakafu ya banda ajengee nguruwe wake, na jiko la kulelea vifaranga akalipakia kwenye lori lake. Kwa hiyo tulikwenda kupokea vifaranga ambavyo hatuna hata pa kuviweka.

Bwana Tesar alikata kamba, tukavihesabu juu ya kaunta mbele yake kama ilivyo desturi. Kumi na viwili zaidi ya mia, na viwili vimekufa. Pembeni mwa boksi palikuwa na kadi ya karani wa kiwandani. Mama husoma Kiingereza polepole, midomo ikicheza, nami nikawa namtazama akisoma: “Bi. Vondra mpendwa, kama unavyotuomba kila mwaka, tumekuongezea madume. Pasaka njema.”

Unajua habari ya madume. Kila mtu huagiza mitetea peke yake, na kiwanda hutupia madume machache ya bure ili boksi liwe na joto, na watu hunung'unika kwamba wanalishwa hasara. Mama ndiye pekee katika Nebraska nzima anayeyaomba, tangu aliposikia kwamba yale yasiyopata nafasi kwenye boksi huuawa siku hiyo hiyo. Ombi hilo hakuna mteja mwingine anayelitoa. Alimaliza kadi, akairudia, akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya gunia la barua la Bwana Tesar. “Basi ni mimi,” akasema. “Hayo maneno ni yangu. Nimeagiza, na sikumbuki.”

Emil alifika kabla ya saa nne, koti halijafungwa vifungo, maana mkewe naye husikiliza waya. Alisimama jikoni, vifaranga miguuni, akaanza kumhoji Mama kama polisi. Aliagiza lini? Hajui. Barua aliipeleka posta na nani? Hajui. Leo ni siku gani? Mama akamjibu, “Ni siku ya wewe kufunga mdomo na kuniletea jiko langu.” Nilicheka. Emil hakucheka. Akanivuta uani, akasema hivi ndivyo shangazi Ruzena alivyoanza kupoteza akili, kwamba leo ni vifaranga na kesho ataagiza ng'ombe, kwamba wewe unafanya kazi mchana kutwa na Walter yuko safarini, nani atakayekaa Denver kumlinda mtu wa namna hiyo asiache jiko likiwaka? Akasema mahali pake sasa ni nyumba ya wazee ya wilaya, ambako kuna wauguzi. Wiki iliyopita yote amekuwa akizunguka na hilo. Jumatatu ijayo amepanga miadi na daktari, na karatasi yake ya kumpeleka huko inataka saini ya kila mtoto. Mimi nilimwambia mikono yangu imelowa. Akaniachia karatasi mezani, akasema mikono hukauka.

Jiko la kulelea hakulirudisha, amesema alishamuuzia shemeji yake. Hivyo tangu siku hiyo vifaranga mia na kumi vinaishi nami jikoni, ndani ya lile beseni la kuogea la zinki, na visivyoenea humo vimo chumbani kwako. Naomba radhi kuhusu zulia lako. Vinalia tangu alfajiri mpaka usiku, na vikinyamaza ni vibaya zaidi, maana ndipo ninapoamka nikadhani vimekufa kwa baridi. Vumbi lao limeingia kwenye unga. Mikate ya Pasaka iliyobaki, ile ya mbegu za mpopi unayoipenda, ilinuka banda tukawapa nguruwe. Nimepiga chafya mpaka mbavu zinauma. Padri alipokuja kututembelea, kimoja kikapanda juu ya kiatu chake kikafanya kilichofanya, na padri wa watu akaendelea kuzungumza juu ya ufufuko. Nimechoka, Lidie. Nimechoka na kuku, na Emil, na watu wa kanisani wanaonishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya msibani, “Na Mama anaendeleaje?”

Ninachotaka ukijue hasa ni Mama mwenyewe. Siku ya kwanza alikuwa na ukali wake. Siku ya tatu nikaona kwenye kalenda, pembeni ya kila tarehe, ameandika kwa penseli: nimelisha asubuhi, nimelisha jioni, nimesali, nimekunywa dawa. Jumamosi alinikabidhi pochi yake na funguo za kabati la vyombo. Jumapili baada ya misa alimngoja padri mlangoni, akamuuliza kama mwaka huu alikuja kuungama kabla ya Pasaka. Alikuja, mimi nilikaa naye benchi moja! Padri alimjibu vizuri, lakini niliona alivyomtazama. Mama wetu, ambaye anajua ng'ombe gani alizaa usiku gani mwaka wa ukame, sasa ananiuliza kama ameshakula.

Jana jioni aliniletea kiberiti. Alikishika kwa mikono miwili, akaniambia nikiweke juu ya kabati ambako hafiki. “Nisije nikakuchoma, Albina,” akasema, “halafu nikasahau.” Nikakipokea, nikakiweka juu ya kabati. Nikatoka nje nikasimama kwenye tope nikilia kama mtoto.

Sasa kaa chini kama umesimama. Vile vifaranga hakuviagiza Mama. Niliviagiza mimi.

Fomu ya kuagizia vifaranga mimi ndiye ninayeijaza kwa miaka ishirini na miwili. Mama husema kwa Kicheki, mimi naandika kwa Kiingereza, naye hutia jina lake chini. Januari katalogi ya kiwanda ilipofika, fomu ikiwa ndani, hakuifungua, aliitia kwenye sanduku la kuni za kuwashia moto. Mimi nikaitoa. Nilikaa nayo mezani alasiri ile Mama alipolala, nikaandika mitetea mia wale wa rangi ya siagi, wafike wiki ya Pasaka, na chini kabisa lile ombi la madume na jina la Mama. Sikukusudia kumwiga, nakuapia. Ila sijui namna nyingine ya kuijaza. Ndiyo maana Mama alipoisoma ile kadi alijisikia mwenyewe, na ndiyo maana hakuna aliyeuliza zaidi.

Utaniuliza kwa nini. Krismasi mlikaa mezani, wewe na Emil, mkayapanga: Mama Denver, mashamba kwa Emil, ng'ombe mnadani, nyumba apangishwe mtu. Mimi nilikuwa nikiwamiminia kahawa. Mlipanga hata saa ya ukutani itakwenda kwa nani. Hakuna aliyeuliza Albina atalala wapi. Chumba ulichonieleza kwenye barua kina kitanda kimoja. Nina miaka arobaini na sita, sijawahi kulala usiku hata mmoja nje ya nyumba hii isipokuwa ulipojifungua Karel, na sijui kazi nyingine yoyote zaidi ya hii. Sisemi kwamba mlikuwa na roho mbaya. Nasema hamkunikumbuka, na mimi niliona aibu kujikumbusha. Nikafikiri, vifaranga vikifika, Mama hawezi kuviacha, atasema ngoja wakue kidogo, na ataondoka baada ya mavuno. Miezi sita. Niliogopa, Lidie, ndilo hilo tu, na nilitaka miezi sita.

Halafu mwezi wa tatu nikapata akili. Nikasema nitawaandikia wafute oda. Na hapo sasa, mimi niliyelea kuku maisha yangu yote, nikahesabu siku ishirini na moja za mayai kurudi nyuma kuanzia siku ya boksi kufika posta! Sikuanzia siku ya kutotolewa, siku mbili za treni zikanitoka kabisa. Barua yangu iliwafikia Jumanne, na mayai yalikuwa ndani ya mashine tangu Jumapili. Wakanijibu kwa adabu kwamba wanasikitika, vifaranga havina namna ya kuambiwa visitoke. Barua hiyo niliichoma. Hata mtoto wa darasa la nne wa hapa angeihesabu sawasawa.

Pale posta mkono wangu ulikuwa juu ya boksi Mama aliposema “Basi ni mimi.” Ningeweza kusema wakati ule ule. Bwana Tesar alikuwa ananitazama, na watu wawili wa foleni, nikaona haya, nikanyamaza. Nyumbani nikasema nitamwambia Emil akishaondoka. Emil alipoondoka nikasema kesho. Na kila kesho iliyokuja nilikuta Mama ameshajiharibu zaidi, na neno langu limekuwa zito zaidi kulitoa. Sina utetezi. Nilimwacha mama yangu aamini amepoteza akili kwa sababu mimi niliona haya.

Leo asubuhi nimemwambia. Alikuwa akiosha chupa za maji ya vifaranga. Hakugeuka. Aliendelea kuisugua ile chupa mpaka nikadhani itapasuka. Kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. “Hata yale maneno ya madume?” Hata hayo, Mama. Akakaa. Kwanza alicheka, akafunika uso kwa aproni, sikujua tena kama anacheka au analia. Akasema, “Kumbe ninazo,” akijigonga kipaji, “kumbe ninazo zote.” Halafu akainuka akaanza kunitukana, Lidie, kwa matusi ya Kicheki ambayo sijayasikia tangu Baba alipoliingiza trekta ukutani mwa ghala. Vifaranga vyenyewe vilinyamaza. “Siku tisa!” akasema. “Siku tisa najihesabu mwendawazimu, na wewe uko hapo unanikorogea supu!” Nilisimama nikayapokea yote.

Alipochoka akaniuliza sababu. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, habari ya kahawa na kitanda kimoja. Kisha akasema, taratibu kabisa, “Kwa nini hukuniambia tu, ‘Mama, usiende’?”

Niliokota kifaranga kilichotoka kwenye beseni, nikakirudisha.

Akasema, “Ungeniambia, ningebaki. Kwani mimi nilikuwa naitaka Denver? Nilikubali kwa sababu tangu nianguke wewe ndiye uliyekuwa ukinivalisha soksi, nikadhani umenichoka.” Usichukie kusoma hivyo, mdogo wangu. Anakupenda, na anawataka watoto wako kuliko kitu chochote. Lakini ndivyo alivyosema, na safari hii nimeamua kuandika kila kitu.

Basi karatasi ya Emil ichane, au uitumie kuwashia moto. Mama hana ugonjwa wowote, mgonjwa ni mimi. Kwa daktari Jumatatu haendi mtu. Kesho nakwenda kwa Emil mwenyewe, kwa miguu, kumwambia ana kwa ana, na akitaka kupiga kelele mbele ya mkewe na apige. Bi. Hruska nitamwachia asikie kwa njia zake. Kiberiti nimekirudisha karibu na jiko, na funguo na pochi nimemrudishia Mama mkononi. Amesema pia kwamba nyumba haitapangishwa kwa mtu wakati mimi nimo, na kwamba kuku ni wangu, niwalee kwa jina langu.

Nilimwomba. Nataka ulijue hilo, kwamba mwishowe nilimwomba. Nilipiga magoti hapo hapo kati ya vifaranga nikamwambia, Mama, usiende, baki nami. Aliniwekea mkono kichwani, akanipangusa hata unga uliokuwa kwenye nywele. Akasema hawezi tena. Akasema, “Uzee una kusahau kwake, Albina, na wangu utakuja. Na kila nitakapopoteza miwani, kabla sijaitafuta nitakutazama wewe kwanza. Siwezi kuishi hivyo, wala wewe.” Amesema treni ni ile ile, tarehe kumi na tano mwezi wa tano, nawe uje umpokee kama mlivyopatana.

Msalimie Walter, na uwabusu watoto kwa niaba yangu, Karel mara mbili. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi niandikie hivyo hivyo, lakini niandikie. Mwezi wa tano ukipita nitakuwa sina wa kuniandikia zaidi yenu.

Ni mimi dada yako,
Albina